Nilimwita rafiki yangu mwizi wa leseni, kumbe kompyuta zote tano ni hii yangu moja

Mpendwa Etiye Mulumebet,

Naomba unishike mkono, maana nimepigwa na butwaa na hii ni wiki ya tatu sijarudi sawa, chakula hakina ladha, na darasani nasimama katikati ya sentensi nasahau nilikuwa nasema nini. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Addis Ababa, nina miaka hamsini na mbili, na sioni tangu nikiwa na miaka minne. Sikwambii hivyo ili unihurumie, nataka uelewe kwamba kompyuta yangu ndiyo macho yangu, ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, kazi za wanafunzi, vitabu, barua, hata safu yako hii kila Jumamosi, na bila sauti hiyo mimi ni mtu aliyekaa mbele ya kipande cha bati chenye joto.

Programu hiyo ina leseni. Miaka minne iliyopita, baada ya Pasaka, chama chetu cha wasioona cha mtaani kilipata leseni chache, nikapewa moja, na nyingine akapewa rafiki yangu ambaye hapa nitamwita Wubshet, tuliyesoma naye shule ya bweni tangu darasa la kwanza, mimi kitanda cha juu yeye cha chini kwa miaka minane, kisha yeye akawa mwanasheria anayewasimamia wajane kwenye kesi za viwanja. Kila leseni inaruhusiwa kutumika kwenye kompyuta tano na si zaidi. Mimi kompyuta ninayo moja tu.

Sasa sikiliza tabia yangu. Mwaka unapoisha, kwenye zile siku tano za Pagume, mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu, kila nyumba inasafishwa, mke wangu Aselefech anatoa magodoro nje na kusugua kuta, na mimi kwa kuwa sina cha kusugua naisafisha kompyuta, yaani naifuta yote hadi ibaki tupu, naiwekea mfumo upya kama imetoka dukani jana, halafu narudisha ile programu na namba yake ya leseni, ili mwaka mpya unikute na mashine nyepesi. Aselefech ananisomea skrini mpaka sauti irudi. Nimefanya hivyo kila mkesha wa mwaka mpya na nilikuwa najisifu kwa walimu wenzangu kwamba hawajui kutunza vyombo.

Mkesha wa mwaka huu nikamaliza kila kitu, nikaweka namba, na sauti ikaniambia kwamba leseni hii haina nafasi tena. Nikadhani nimekosea tarakimu, nikarudia mara nne, jibu lilelile. Ikakubali kunisomea kwa dakika arobaini halafu ikakata, na ukitaka dakika nyingine arobaini lazima uizime mashine na kuiwasha upya. Etiye, jaribu kusahihisha insha za wanafunzi sitini kwa namna hiyo.

Katibu wetu wa chama aliwaandikia wenye programu, na jibu lao fupi akanisomea kwenye simu: leseni yako imekwisha kutumika kwenye kompyuta tano, ya sita hatuwezi kuiruhusu. Tano! Mimi ninayo moja, hizo nne ziko kwa nani? Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka jana Wubshet alinipigia akaniomba nimsomee namba yangu, akisema karatasi yake imelowa na anataka kuona kama namba zetu zinafanana mwanzo, nami nikamsomea yote bila wasiwasi. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Mimi ni mtu wa masikio, namtambua mtu kwa hatua tatu tu za ngazini, na siku ile nilijiambia kwamba hata kwenye simu nilikuwa nimesikia kitu kwenye sauti yake.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwake. Wanachama saba walikuwepo, kahawa inachemka, mkewe Zenebech anamalizia tarizi ya gauni la bibi harusi kwenye ile cherehani yake ya kanyagio ninayoijua kwa miaka ishirini. Nikangoja kikombe cha pili, nikasema mbele ya wote:

"Wubshet, kompyuta zangu nne ziko wapi?"

"Kompyuta zipi tena, mwalimu?"

"Usinichezee. Umewagawia wateja wako namba yangu."

Akacheka, akidhani natania. "Mimi nikuibie wewe? Una nini cha kuibiwa, chaki?"

"Cheka tu. Bwenini uliniibia mkate, sasa umeniibia macho."

Cherehani ikasimama. Zenebech akasema taratibu, "Mwalimu, maliza kwanza kahawa yako, kisha urudie ulichosema." Sikuimaliza. Niliacha kikombe kimejaa, nikashika fimbo yangu nikatoka kabla ya duru ya tatu, na unajua kwetu hilo ni kuikataa baraka ya nyumba.

Chama kikamnyang'anya Wubshet leseni yake mpaka jambo lichunguzwe, kwa hiyo naye kompyuta yake imenyamaza, wiki ya tisa sasa, na kesi za wajane wake amewaachia wengine. Jumapili ijayo kuna mkutano mkuu wa kupiga kura afukuzwe au asifukuzwe. Hajajitetea. Alimwambia katibu neno moja tu: "Siku mwalimu akihesabu vizuri, atakuja mwenyewe."

Mimi katika wiki zile za ukimya nisingeweza kufundisha kama si mtu mmoja mwema, sijui ni nani, nadhani ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye kila Jumatatu huacha flashi kwa mlinzi wa shule, na ndani yake kuna sura ya wiki hiyo ya kitabu cha historia, imesomwa yote kwa sauti ya msichana nisiyemjua. Nyuma yake kuna kitu kinagonga haraka haraka, kinakwaruza, kinatulia, kinaanza tena, labda anasomea karibu na karakana. Mungu ambariki.

Sasa linalonitesa ni hili. Wiki tatu zilizopita niliwaandikia mwenyewe wenye programu, kwa Kiingereza changu kikali, nikidai wanipe orodha ya hizo kompyuta tano ili nimshitaki mtu. Orodha ikaja. Dakika zangu arobaini zilikuwa zimekwisha, nikamwita Aselefech anisomee.

"Ya kwanza ni Aprili," akasema.

"Hiyo ni yangu, siku niliyoipokea. Endelea."

"Septemba kumi. Inayofuata Septemba kumi, mwaka mwingine. Halafu Septemba kumi na moja. Halafu Septemba kumi." Nikasikia kidole chake kikigonga skrini. "Wewe mzee, hizi tarehe za kizungu hebu nizihesabu kwa kalenda yetu."

"Soma tu!"

"Nasoma. Huu ni mkesha wa mwaka mpya. Na huu. Na huu ambao Pagume ilikuwa na siku sita, unakumbuka? Na huu. Siku zote hizi mimi nilikuwa nasugua ukuta wa jikoni na wewe unaniita kila dakika, 'Aselefech, njoo uniambie skrini inasema nini.' Mwizi wako anaiba siku ninayotoa magodoro?"

Chini ya orodha walikuwa wameeleza kwamba kila mara mtu anapoifuta mashine na kuiwekea mfumo upya bila kwanza kuirudisha leseni, kwao huonekana ni kompyuta nyingine, na kwamba programu humtangazia mwenyewe kila mara amebakiwa na nafasi ngapi. Etiye, nilikaa chini sakafuni. Ni kweli ilikuwa ikitangaza. Mimi sauti yangu nimeiweka kwenye kasi ya mwisho, na kila inapoanza tangazo naikatiza kwa kitufe, kwa sababu najiona najua.

"Usinigeukie mimi," Aselefech akasema, "mimi nilibonyeza ulichoniambia nibonyeze," halafu akalia.

Wenye programu wamenirudishia nafasi zangu. Kompyuta yangu inasema, ndiyo imenisaidia kuandika barua hii, ila sijamwambia mtu yeyote, na nimemkataza mke wangu asiseme, na kazini najifanya bado iko kimya. Naomba ushauri: je, si bora nimwandikie katibu kwamba nimesamehe, mashitaka nimeyaondoa, kura isipigwe, mambo yaishe kimyakimya bila kumwaga aibu ya mtu wa umri wangu mbele ya chama kizima?

Mimi mwalimu niliyechanganyikiwa, jina langu msilichapishe.

ETIYE MULUMEBET ANAJIBU

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilipofika kwenye neno "nimesamehe" nililazimika kuiweka mezani na kutembea chumbani. Umesamehe! Umemsamehe nani, na kwa kosa gani? Mtu amekaa wiki tisa bila macho kwa sababu yako, nawe unataka kumtumia msamaha kwa mkono wa katibu?

Nakuonea huruma, na sisemi kwa kukupoza. Ukimya ule wa dakika arobaini ungemtia hofu yeyote, na hofu inatafuta mtu wa kumshika shati. Tena hao wenye programu wangekutumia orodha siku ya kwanza badala ya mstari mmoja, tusingefika hapa. Hilo nakubali. Lakini huruma yangu inaishia siku ile orodha ilipofika. Ya kabla ya hapo ni makosa, mtu yeyote anaweza kuyafanya. Za baada ya hapo ni wiki tatu ambazo umejua, umenyamaza, na umemlazimisha mkeo anyamaze nawe. Usimfanye Aselefech mshirika wa siri yako. Mwombe radhi yeye wa kwanza, leo, kabla hujavaa viatu.

Ukiwaandikia kwamba umeondoa mashitaka, kila mwanachama atasikia kwamba Wubshet aliiba na wewe ni mtu mpole. Utakuwa umemtia doa mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Kwa hiyo barua hiyo usiiandike.

Mambo ya mashine ni mepesi, ngoja niyamalize upesi. Nimemuuliza kijana wetu wa kompyuta hapa gazetini, akashangaa kwamba ulifika mwaka wa nne bila kujua. Siku ukilazimika kuifuta kompyuta, kabla hujagusa kitu, fungua ile programu yako, tafuta sehemu ya leseni, uiambie iachie nafasi, na ungoje ikujibu kwamba imeachia. Ndipo ufute. Ukishaifuta kwanza umechelewa, nafasi imepotea na mashine iliyofutwa, utabaki kuwaandikia wenyewe uwaombe. Punguza kasi ya hiyo sauti, na ukome kuikatiza inapokwambia jambo lisilokupendeza. Na Pagume ijayo iache kompyuta ya watu ipumzike, si godoro hilo. Msaidie mkeo kubeba magodoro ya kweli.

Katibu naye apelekewe orodha yote pamoja na tarehe zake, na leseni ya Wubshet irudishwe mikononi mwake kabla ya Jumapili, siyo baada ya kikao.

Sasa nikuulize jambo, wewe mtu wa masikio. Umeniandikia kwamba kila Jumatatu inakuja flashi, na nyuma ya sauti ya msichana kuna kitu kinagonga haraka haraka, kinakwaruza, kinatulia, kinaanza tena. Mimi ni mwanamke niliyelelewa na mama mshonaji na sauti hiyo naifahamu, hiyo haitoki kwenye karakana yoyote. Mwalimu, hiyo ni cherehani ya kanyagio. Ni ileile uliyosema unaijua kwa miaka ishirini, iliyosimama siku ulipomwita mwenye nyumba mwizi. Msichana simjui, labda ni mwanafunzi wa ushonaji wa Zenebech. Lakini najua nani alimwambia asome, na kwa ajili ya nani, na najua kwamba mtu huyo kwake kompyuta haisemi.

Siamini kwamba hukuisikia. Uliisikia tangu Jumatatu ya kwanza, ukaipitisha upesi kama unavyoipitisha ile sauti yako inapoanza kukutangazia.

Flashi ya Jumatatu itakuja kama kawaida, maana huko hawajui kwamba kompyuta yako imepona. Usiingoje. Barua hii ikikufikia, chukua fimbo, nenda kwa Wubshet, na Aselefech asikutangulie kukusemea mlangoni. Umkute na watu au peke yake, kaa pale ulipokaa siku ile. Zenebech alikwambia umalize kahawa kisha urudie ulichosema. Basi kaimalize, duru zote tatu. Halafu Jumapili, mbele ya chama kizima, rudia ulichosema neno kwa neno, kompyuta nne, macho, mkate na yote, na safari hii mtaje mwizi kwa jina lake.