Kidoa Kinachotembea

4 Mei

Kwako Bibi, mke wangu wa ujana,

Hujambo wewe na magoti yako? Mimi mzima, nazidi kupendeza, wasichana wa mtaa huu wanakuonea wivu.

Sasa kaa chini, na huyo mshonaji anayekusomea naye akae. Mumeo nimegundua kitu mbinguni! Kuna mwalimu mstaafu hapa jirani, ana darubini juu ya paa, alikosa kamera tu. Na fundi simu wa mtaa ni nani? Nikang'oa kamera ya simu mbovu, nikaibandika, tukapiga picha mfululizo. Kazi yenyewe ni hivi: unazipanga picha kwenye kompyuta, kila nyota ikae juu ya mwenzake. Nyota zitatulia. Kinachohama ndicho mgeni, jiwe linalosafiri angani. Na kipo, Bibi! Kidoa kinatembea kama mtu mwenye safari zake. Mwalimu amekitafuta kwenye orodha za wataalamu, hakimo. Nimekiona mimi, niliyekimbia shule kwa kuogopa hesabu.

Kikithibitishwa, kitaitwa jina lako. Sharti ni moja: ukubali kutolewa huo mtoto wa jicho. Huwezi kupewa jiwe la mbinguni halafu usilione.

Mumeo, Profesa

19 Mei

Mume wangu mwenye maneno mengi,

Salamu nimepata. Magoti yanalia lakini yananifikisha. Simu yako sitaki, barua nasomewa mara mbili. Mshonaji anayeandika hapa anasema wewe ni mwongo, nikamwambia aandike hivyohivyo.

Mama yako amenibembeleza, daktari amenibembeleza, nikawaambia sitaki kisu machoni, niliyoyaona yanatosha. Lakini jiwe la mbinguni sijawahi kuahidiwa. Babu yako aliniahidi kitanda cha chuma, nacho hakikuja. Haya, nimekubali. Ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Naogopa, usimwambie mtu. Jicho la pili nalo limeanza kufunga. Wakiliharibu hili, ni giza. Basi hicho kitu chako kiwepo.

Mkeo, Bibi

27 Mei

Bibi yangu,

U mzima? Mimi mwili upo, moyo hapana.

Jana mwalimu aliniambia, "Hebu elekeza darubini upande mwingine kabisa." Nikageuza. Nyota zikawa nyingine, kidoa kilekile, palepale kwenye picha. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Ni tone la gundi, Bibi. Gundi yangu ya kubandikia vioo vya simu, imegandia kwenye kamera. Nyota ndizo zilizokuwa zikisogea. Nilipozipanga zitulie, gundi ikaonekana inatembea. Kwa kifupi, darubini nayo ina mtoto wa jicho, na mzazi wake ni mimi.

Mwenzangu wa kibanda cha simu kaniambia ninyamaze hadi upasuliwe. Nimeshindwa. Ungefungua jicho ukaniuliza, "Kiko wapi?" ningejificha wapi? Jiwe hakuna. Lakini nenda, Bibi. Sasa nakuomba bila sharti wala zawadi.

Mjukuu wako

12 Juni

Shikamoo Bibi,

Leo hali yako naiuliza kwa kweli. Jumatatu imepita na hujajibu. Mama nikimpigia ananijibu, "Muulize mwenyewe." Kama umekasirika, nitukane. Kama hukwenda, nitukane vilevile, nitajua upo.

Mjukuu wako

25 Juni

Mume wangu fundi gundi,

Marahaba. Barua yako ilinikuta kesho yake ndiyo kisu. Mshonaji alipofika kwenye gundi alicheka hadi akashindwa kusoma, nami nikaamua siendi popote. Kulipokucha nikawaza: mtoto huyu kila akivunja kikombe alimsingizia paka. Leo kasema kweli, tena iliyomuumiza. Nikaona mtu wa namna hiyo lazima nikamtazame.

Nimekwenda. Walipofungua bandeji nilimwona mshonaji. Kumbe kazeeka, na hakuna aliyeniambia! Nyumba nayo chafu, mlikuwa mnanificha. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilitaka kuandika kwa mkono wangu, na daktari alinikataza kuinama.

Picha yako ya ukutani nimeiona. Una meno ya maziwa. Hiyo imeniishia utamu. Njoo wewe, uje mchana, ukae hapa mbele ya dirisha, wala usiongee mpaka nimalize kukutazama.

Mkeo, Bibi