Yowe Langu la Leba Limo Kwenye Filamu ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba radhi, kwa sababu barua yangu ya kwanza uliijibu gazetini kwa mstari mmoja tu, "Mama wa kichanga, hujaeleza kisa, andika tena uniambie yote," nami nikasema nitaandika Jumatatu, Jumatatu ikaja na homa ya mtoto, baada ya homa yakaja meno, baada ya meno kalamu ikatafunwa, na sasa mtoto anatambaa ndiyo napata kukaa chini, tena nakuandikia huku nimemziba njia kwa mguu asifike kwenye ndoo ya kudekia. Usinione mtovu wa adabu. Usingizi wangu wote wa mwaka huu ukiukusanya haujazi kikombe.

Mume wangu anatengeneza filamu za kutisha, na nyingine za viumbe vya sayari za mbali. Kinachotulisha ni video za harusi na mahafali, na hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanaijua, lakini akitoka huko anakusanya wenzake kwenye gereji ya rafiki yao wanaunda zimwi, na stoo ya mazimwi ni nyumba yetu. Vazi la mwanaanga limeshonwa kwa yale mapazia ya rangi ya fedha ya kuzuia jua kwenye vioo vya magari, limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chetu, nikiamka kunyonyesha lazima tusalimiane. Kichwa cha zimwi cha sponji ya godoro kinakaa juu ya kabati. Siku moja nikakuta pakiti ya pampasi imepasuliwa nusu nzima, nikamuuliza, "Baba, mtoto kavaa ngapi leo?" Akanijibu bila haya, "Mke wangu, kile kitu cha ndani ukikitia maji kinavimba, kinakuwa ute wa kiumbe. Hakuna duniani ute mzuri kama ule." Nikamwambia kiumbe wake akanunuliwe pampasi zake mwenyewe. Tulicheka mpaka mtoto akaamka, hapo mimi nikaacha kucheka.

Nampenda, mshauri, nisikufiche. Ni mtu mpole ambaye hawezi hata kuua mende, mende namuulia mimi.

Sasa ujue kwamba tangu tulipooana mimi ndiye mayowe yake. Waigizaji wake wa kike ni wazuri wa sura, lakini wakifika pa kupiga yowe mmoja analia kama ndama na mwingine anacheka, kwa hiyo nyumbani tunafungua kabati la nguo, naingia katikati ya makoti na mablanketi ili sauti isigonge ukuta, yeye ananyoosha kinasa sauti, napiga. Majirani wameshazoea, wanaambizana, "Leo yuko kazini." Kila mwanamke aliyeliwa, aliyefukiwa au aliyebebwa na chombo cha anga katika filamu za mume wangu amelia kwa koo langu. Jina langu halijaandikwa popote na sikuuliza, maana hata lake halionekani, wauza diski wanachapa kwenye jalada picha ya zimwi na binti mzuri, basi. Watoto wa mtaani wanamwita Baba Zimwi wakidhani ni utani wa kichwa kile cha sponji, na wazazi wao waliolala na taa ikiwaka hawajui kwamba aliyewatisha ndiye huyu anayewapisha kwenye foleni ya duka.

Jambo hili linamuuma kuliko anavyosema. Mzee aliyemfundisha kazi alitengeneza filamu za anga maisha yake yote, vyombo vyake vilikuwa sufuria mbili zilizofunikana na taa za baiskeli zikizunguka, na ukivitazama gizani unaapa vimetoka mbinguni. Alipofariki tukaenda kuzika, wasemaji wakasimama mmoja baada ya mwingine, wote wakasema marehemu alikuwa fundi redio hodari. Hakuna aliyetaja filamu hata moja. Mume wangu alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake, akasema, "Na mimi watasema nilipiga picha nzuri za harusi."

Nakuja kwenye kisa. Nilipojifungua, mama mkwe ndiye aliyekuwa nami chumbani, mume wangu alikaa nje kwenye benchi, dirisha la juu ya mlango lilikuwa wazi na kinasa sauti kilikuwa mfukoni kama kawaida yake, akakiwasha. Anasema alitaka sauti ya kwanza ya mtoto, awe nayo ukumbusho, na mimi namwamini. Lakini kabla ya mtoto kulia nililia mimi. Mama yangu mzazi alifariki sijaolewa, na pale mwisho, maumivu yaliponifika kooni, nilimwita, nilisema "Mama!" kama mtu anayemwona amesimama mlangoni. Nilikuwa sijamwita hivyo kwa miaka.

Mtoto akiwa bado mchanga sana mume wangu akawa anamalizia filamu yake mpya, ile ya mwanamke anayevutwa na kitu kilichoshuka na kimondo shambani, na yowe la mwigizaji likawa la ndama. Alikuja chumbani mchana ule kuniomba niingie kabatini. Akanikuta nimelala, mdomo wazi, titi nje, mtoto juu yangu. Akanihurumia. Akarudi zake kwenye kompyuta akachukua yowe la leba akalitia pale, na akakata kabla tu mtoto hajalia.

Mimi nikajua siku alipotuonyesha sebuleni, mimi na mama yake. Ile sehemu ilipofika mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Simamisha hapo."

"Mama, bado haijaisha."

"Nimesema simamisha. Sauti hii ya nani?"

"Ya mke wangu, mama. Si unajua siku zote ni yake?"

"Ya kabatini naijua, na hii si ya kabatini. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, kucha zake ziliniingia hapa, ona. Hii ni ya leba! Wewe mtoto, nilikulea au nilikufuga?"

Mume wangu akanitazama mimi. Akasema, "Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha." Na ndicho kinachonichanganya, mshauri, kwa sababu ni kweli, mwaka huu wote hakuna mwingine aliyeogopa kuniamsha.

Wakati nakuandikia mara ya kwanza lilikuwa jambo la nyumbani. Sasa limekuwa na haraka. Walipoijaribu filamu kwenye ukumbi mdogo, wale watazamaji ambao humtania zimwi na kumpigia miluzi walinyamaza palepale penye "Mama", na wakabaki wamenyamaza mpaka mwisho. Kisha maonyesho makubwa ya filamu, ambayo miaka yote yalimjibu kwamba hayapokei mambo ya mazimwi, yakaichagua. Nakala ya mwisho inatakiwa kabla mwezi huu haujaisha. Amejaribu kuweka yowe jingine, tukaitazama pamoja, akasema, "Si mbaya." Mimi niliuona uso wake. Ananiambia, "Ukisema nilitoe, nalitoa leo hii, wala sitanuna," halafu anakwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nimeshaviosha. Mama mkwe anasema litolewe, uzazi si mchezo wa kuonyeshana. Dada yangu anasema nisiwe mchoyo, kelele ni kelele, nisimzibie mtu bahati aliyoingoja ujana wake wote. Nikifikiria niseme hapana naona wale wasemaji wa msibani. Nikifikiria niseme ndiyo nasikia watu nisiowajua wakila bisi huku mimi namwita mama yangu. Na yeye ameniachia mimi uamuzi, utadhani ni mimi niliyekata na kubandika.

Basi ninachohitaji bado unitumie ni hivi: jibu lako, kabla ya mwisho wa mwezi, na useme wazi ndiyo au hapana, maneno ya kumwambia mume wangu, yawe mafupi, kwa sababu nikianza kusema ama nalia mimi ama analia mtoto, na unirudishie ile picha niliyoitia kwenye barua ya kwanza, ya mume wangu akiwa na kichwa cha zimwi amempakata mtoto, maana ndiyo pekee tuliyo nayo ya wao wawili.

Mimi,
Mama wa kichanga

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, mwenye kichanga haombi radhi, anaombwa. Picha yako nimeiweka kwenye bahasha ikurudie, na niseme kwamba mtoto anaonekana kumwamini sana huyo zimwi.

Nianze na mumeo, maana najua atasoma. Bwana, wahenga walisema aliyelala usimwamshe, lakini hawakusema umpekue mifukoni. Ulimhurumia usingizi wake, hilo nakuandikia upande wa mema, wako waume wanaowaamsha wake zao kuwauliza chumvi iko wapi. Lakini ulichokichukua kilikuwa kikubwa kuliko usingizi. Ungengoja aamke. Kimondo chako kisingekimbia. Na kosa la pili ni hili la kumwambia "ukisema nilitoe nalitoa", halafu ukaenda kusugua sahani safi mbele yake. Huko ni kununa kwa sabuni. Umebandika wewe, ukamwachia yeye awe mkatili.

Sasa wewe, mwanangu. Pole, tena pole ya kweli. Nimeisoma ile habari ya msiba nikaona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kutazama filamu ya kitu kilichoishi kisimani, nikawa siendi uani peke yangu, na mpaka leo sijawahi kujiuliza nani aliitengeneza. Ndivyo tulivyo. Anayetutoa machozi tunampa tuzo, anayetuchekesha tunampigia makofi, anayetutisha tunashikana mikono kwa ajili yake kisha tukifika nyumbani tunasema ulikuwa upuuzi wa watoto. Mumeo ana haki ya kuumia, na bahati aliyoipata ameitolea jasho.

Lakini ulipoandika "sikuuliza" ndipo uliponiudhi. Unalalamika kwamba hakuna anayemjua mumeo, na wewe je? Koo lako limekufa kwenye filamu zote hizo na jina lako halimo hata kwa herufi ndogo. Aliyesahaulika na watu naye amemsahau wa ndani ya kabati lake, na wewe ukamsaidia kusahau. Hilo liishe.

Dada yako usimsikilize, kelele si kelele. Mama mkwe wako yuko karibu zaidi na ukweli, na ana alama za kucha za kuthibitisha, ila naye usimwachie aamue, maana mkono ulikuwa wake lakini uchungu ulikuwa wako.

Umeniambia niseme wazi, nasema. Lile yowe linaweza kubaki. Ni kazi ya mwili wako, ni kubwa, sioni aibu ndani yake, na mtu akitishika nalo ametishika na kitu cha kweli, jambo ambalo hapati kila siku. Lakini neno "Mama" litoke. Hilo halikuwa yowe, yalikuwa mazungumzo kati ya watu wawili, na mmoja wao hayupo tena kutoa ruhusa. Najua ndipo ukumbi uliponyamaza. Najua atasema filamu itapungua. Acha ipungue. Filamu ikianguka kwa kukosa neno moja ilikuwa haijasimama, na mtu aliyetoa ute wa kiumbe ndani ya pampasi hatashindwa kuziba pengo la neno moja. Sauti ya mtoto nayo isiguswe sasa wala kwenye filamu zijazo, hiyo ni ya nyumbani.

Na kabla ya kumpa ruhusa, akusikilizishe rekodi yote, kuanzia mwanzo, mchana kweupe, vipokea sauti masikioni mwako na mtoto mikononi mwake. Wewe hujawahi kujisikia siku ile, umesikia kipande alichokuchagulia yeye. Usikie mwenyewe mtoto anavyofuata. Ukimaliza, ukiona moyo unakataa hata yowe, basi ni hapana, akatafute ndama wake mwingine, na hapo asioshe chombo chochote.

Moyo ukikubali, maneno uliyoniomba haya hapa, yasome kwenye karatasi ikibidi: "Yowe nakupa. Mama sikupi. Jina langu liandike, kubwa sawa na lako." Usiongeze neno. Akianza kujieleza usibishane naye, mkabidhi mtoto, funga mlango, ukalale.