Umati wa Kwenye Hadithi

Chang'ombe, Alhamisi

Na bado wananiambia hadithi yangu tamu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nimewasomea barazani baada ya alasiri. Umati unamzingira mgeni kwa kudhani ni mumiani, mnyonya damu za watu. Niliuandika kama nilivyozoea kuuona vitabuni: unanguruma, macho mekundu, hakuna hata mmoja mwenye jina. Nilitaka wamhurumie mgeni.

Nilisahau watu wangu. Hadithi ikisomwa barazani, wao humtafuta aliyepigwa fumbo.

Mzee Seif mwenye duka akamimina kahawa, akauliza kwa upole, "Huyo mgeni wako, ana baiskeli?"

"Hana."

"Dresa anayo. Na vichupa."

Dresa ni Yohana, mtu wa bara, mpangaji wa jirani. Hufunga watu vidonda, na huchukua damu ya kupima homa.

"Mie alinitoboa kidole," akasema Bi Tatu, mwuza vitumbua. "Damu yenyewe sijui kaipeleka wapi."

Hakuna aliyenguruma. Waliitikia taratibu, kama watu wanaopanga maulidi. Umati wa namna hiyo sijausoma popote.

Nimekwenda kwa Yohana kumsihi akalale kwa nduguye Chanika. Akacheka.

"Bwana Mashaka, hawa ni majirani zangu. Mzee Seif mwenyewe kanialika kesho baada ya magharibi. Kasema nije na mkoba wangu."

Nikamwuliza nani wengine wamealikwa.

"Mtaa mzima," akasema.

Mie sijaalikwa.