Jedwali Nililojaza kwa Kukisia

Jumanne usiku, Mountain View, Nairobi

Chakula kimenishinda. Ile seva mpya kazini, kompyuta inayopokea simu za ambulensi, inanitisha.

Ya zamani ikiwaka ilikuwa inaupa mfumo endeshi jedwali: memori hii iko karibu na prosesa hii, itaisoma haraka; ile iko mbali, itachelewa. Mfumo wenyewe haupimi, unaamini tu. Hii mpya ni ya kampuni nyingine na jedwali lake ni tupu, kwa hivyo mfumo ulidhani memori yote iko karibu. Simu za majaribio zikaanza kuchelewa.

Wafula, mwenzangu kazini huko tao, katikati ya jiji, hakujali. "Si ujaze tu mwenyewe, madam? Kwani iko nini?"

Nikajaza. Umbali niliukisia kwa kuangalia bodi ya ndani, nikaiwasha seva upya. Ikakubali. Simu zikapita haraka, Wafula akaenda kunywa chai.

Lakini hizo zilikuwa simu chache; kosa langu lingejificha. Kesho asubuhi watu wenye dharura wanaanza kupiga. Mama yuko hapo jirani, Kangemi, na presha yake, na akizidiwa usiku...

Ningeandika uongo mtupu, mfumo ungekubali vilevile. Haukuniuliza nimejuaje. Hakuna aliyeniuliza.