Jibu Nililomkatia Bi Zuwena

Tanga, Alhamisi, baada ya alasiri.

Mvua imekatika tangu adhuhuri. Hapa Nguvumali maji yamesimama kwenye vijia, na bati la jirani bado linadondosha tone mojamoja. Chai imepoa mbele yangu. Nimeandika sentensi ya kwanza na kuifuta mara tatu. Hii ya nne naiacha kama ilivyo.

Leo nimemwacha mtu mwema abebe kosa langu, kisha nikamsamehe kwa kulibeba.

Niliweke jambo hili kwa mpangilio, maana mpangilio ndio kitu pekee ninachoweza kujivunia jioni hii. Mimi ni msaidizi na mkalimani katika chumba cha daktari wa meno. Daktari ni Mzungu, na Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu na “fungua mdomo”. Mengine yote hupita kwangu. Nimekuwa nikijisifu, kimoyomoyo na mara nyingine kwa sauti, kwamba neno likipita kwangu halipungui wala halizidi.

Mgonjwa ni Bi Zuwena wa Mabawa, mwalimu wa chuo. Ndiye aliyenifundisha Kurani. Nilikuwa mtoto mwenye haya, na herufi ya thaa ilinishinda, kwa kuwa haitoki ila ncha ya ulimi iguse makali ya meno ya juu na kuchungulia nje kidogo. Mimi niliona ni utovu wa adabu kumtolea mwalimu ulimi, nikawa naigeuza sini. Bi Zuwena alikuwa akigonga ubao wangu kwa kijiti: “Toa ulimi, Hemedi! Usiuonee haya!”

Kabla ya Ramadhani iliyopita aliteleza uani kwake akapiga mdomo kwenye ukingo wa birika la kuhifadhia maji. Jino moja la mbele likavunjika mpaka ndani ya ufizi, likabaki shina tupu. Tangu hapo thaa yake inapiga mluzi, na dhali nayo hivyo hivyo. Alijaribu jino la bandia la kuvaa, lakini bamba lake lilimjaa kinywani na ulimi ukakosa mahali pa kukaa. Mwishowe akawaambia wanafunzi wake wakubwa wasije tena. “Sitamfundisha mtoto wa mtu herufi iliyovunjika,” alisema. Wadogo wa alifu na bee ndio waliobaki.

Daktari alikuwa na parafujo mbili ndogo, za madini yasiyoshika kutu, za aina inayotumika kuunga mifupa. Alikuwa amesoma kwamba kuna wenzake huko kwao waliojaribu kuzipandikiza tayani, mahali pa shina la jino, ili baadaye jino la bandia lisimame juu yake. Hakuficha kwamba ni jaribio. Nilimfasiria Bi Zuwena yote, naye akasikiliza kama asikilizavyo mtoto anayesoma: macho chini, kichwa kimeinama upande. Akakubali. Shina likang’olewa na parafujo moja ikawekwa.

Kila kitu kilitegemea mfupa. Jambo hili nalielewa vizuri, nami nililieleza vizuri. Mfupa hauwezi kukishika kitu kinachotikisika. Damu inayoganda kwenye tundu ndiyo mwanzo wake: inakuwa utando, utando unakuwa nyama, na nyama hiyo, ikiachwa katika utulivu, hugeuka mfupa taratibu na kuibana parafujo pande zote. Bonge lile la damu likitoka, mfupa hauna pa kuanzia. Kwa hiyo daktari akaagiza kwamba kwa majuma mawili asisukutue kabisa.

Bi Zuwena akauliza, “Na maji ya udhu, mwanangu?”

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake ni dogo pia. Kusukutua katika udhu ni sunna. Yeye analijua hilo kunishinda. Hakuwa akiniuliza sheria. Alikuwa akiniuliza mpaka wa agizo la daktari, kama maji yale machache ya udhu yanahesabiwa au hayahesabiwi. Ningesema “Nayo pia, Mwalimu,” tungekuwa tumemaliza.

Lakini daktari alikuwa amesimama kando yangu, akinawa mikono, naye akauliza mama anasema nini. Nikaona haya. Sikutaka anihesabu miongoni mwa wale wanaochanganya dawa na dini. Nilitaka anione mtu wa elimu, kwa maana finyu niliyokuwa nayo dakika ile. Nikamjibu kwamba mama anashukuru. Kisha nikamgeukia mwalimu wangu na kumwambia kwa ukavu, “Mambo ya udhu hayamo humu.”

Nilikusudia kwamba chumba hiki si mahali pa mazungumzo hayo.

Yeye alisikia kwamba udhu haumo katika katazo.

Nimeipima sentensi hiyo mchana kutwa, na sioni namna ambayo mtu mwenye akili timamu angeielewa vinginevyo. Aliuliza kama jambo limo. Akajibiwa kwamba halimo. Akaenda zake Mabawa, na kwa kila sala ya faradhi akasukutua mara tatu, kwa bidii, kama anavyofanya kila jambo.

Leo, majuma mawili yakiwa yametimia, amerudi. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akaitika marahaba kwa furaha, akaketi. Daktari aliigusa parafujo kwa koleo, ikatikisika. Niliiona kwa macho yangu, kama mti wa uzio uliochimbiwa mchangani. Ufizi ulikuwa mwekundu pembeni. Daktari akataka kujua kama alisukutua.

Nikamuuliza.

“Kwa udhu tu,” akajibu. “Si ulisema udhu haumo?”

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika kazi hii. Nilifasiri nusu. Nilimwambia daktari kwamba mama amekiri, alikuwa akisukutua kila anapotaka kusali. Nusu ya pili niliimeza. Daktari akashusha pumzi, akaniamuru niandike katika daftari la wagonjwa: hakufuata maagizo. Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote, na nukta ya mwisho nikaiweka mahali pake.

Bi Zuwena alikuwa akinitazama. Aliona sijamjibu, na kwa kuwa hawezi kunidhania uongo, akatafuta kosa kwake. “Basi mimi ndiye niliyesikia vibaya,” alisema. “Masikio ya kizee haya. Lau ningejua, sunna ningeiacha, Mungu si mgumu hivyo. Nisamehe, mwanangu, nimekuharibia kazi.”

“Haidhuru, Mwalimu,” nikasema.

Haidhuru!

Mlango ulikuwa wazi, na waliokuwa kwenye benchi wamesikia kila kitu. Mwanamke mmoja wa Tongoni, shavu limemvimba kwa jino lake mwenyewe, hakuweza kujizuia: “Leo mwalimu kachapwa yeye!” Benchi zima likacheka. Bi Zuwena naye akacheka, akiziba mdomo kwa ncha ya buibui, akamjibu, “Acha nichapwe, bibi. Wewe ngoja zamu yako, humu ndani hakuna mkubwa.” Wakazidi kucheka. Mimi nilikuwa nikipanga vifaa ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Sasa hesabu ya madhara yenyewe. Jumamosi asubuhi atakuja kutolewa parafujo ile. Tundu litaachwa lijae mfupa, na baada ya miezi kadhaa, kwa maneno ya daktari, linaweza kujaribiwa tena. Ila parafujo iliyobaki ni moja, nayo ameamua kumwekea mgonjwa mwingine, kwa sababu hawezi kuipoteza kwa mtu asiyesikia. Uamuzi huo hautokani na taya la Bi Zuwena. Unatokana na mstari mmoja nilioandika mimi.

Ili nisijidhulumu wala nisijipendelee: siwezi kuthibitisha kwamba kusukutua ndiko kulikoilegeza. Jaribio ni jaribio. Huenda ingelegea hata kama angekaa majuma mawili bila kufumbua mdomo. Nimeligeuza wazo hili pande zote, nikitumaini litanifaa. Halinifai. Kulegea kwa parafujo ni suala la mfupa. Ninachojishitaki nacho mimi ni cha ulimi, na ushahidi wake upo kwenye daftari, kwa wino.

Kuna njia rahisi, nayo nafsi yangu imekwisha kuiona. Kesho ni Ijumaa, chuo kimefungwa, Bi Zuwena yuko peke yake nyumbani. Ningekwenda Mabawa baada ya sala, nimwombe radhi kwenye kikao cha watu wawili, anywe kahawa, anikanye, tumalize. Angenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Na daftari lingebaki lilivyo, na parafujo ingekwenda kwa mwingine, na benchi lingeendelea kumjua kama mwalimu aliyeshindwa kufuata agizo la siku kumi na nne.

Kwa hiyo sitakwenda kesho.

Jumamosi nitafika mapema, nimweleze daktari kwa Kiingereza kilichokamilika: alichouliza mgonjwa, nilichojibu, na nusu niliyoificha leo. Mstari ule nitaukata mbele yake na kuandika wa kweli. Huenda akatafuta mkalimani mwingine, na kwa kipimo ninachowapimia wengine hatakuwa amekosea. Kisha Bi Zuwena atakapoingia, mlango ukiwa wazi na benchi limejaa, nitamwambia kwa sauti ya kusikika: “Hukusikia vibaya, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekujibu vibaya, na juzi nilinyamaza ukaomba radhi isiyo yako.”

Nimeitamka sentensi hiyo mara mbili hapa barazani. Mara zote mbili sauti imefifia kwenye neno “nilinyamaza”, na ulimi ukarudi kujificha nyuma ya meno, palepale ulipokuwa ukijificha zamani.

Narudia tangu mwanzo. Toa ulimi, Hemedi.