Mkeo Ameujua Wimbo

Mwanangu kipenzi,

Sisi tupo. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa chini, nimemwambia aandike nisemavyo, asininyooshee maneno kama suruali. Bomba la jikoni limetengenezwa. Paka bado mwizi.

Mkeo hatoki kitandani. Ule wimbo wa mungu wetu Hanuman, wa kumwombea mgonjwa, namwimbia kila asubuhi nikishawasha taa mbele ya picha yake. Unamsaidia, usicheke. Pumzi inatulia, hofu inamtoka, hata uji anakunywa. Na mimi nikiuimba moyo unakaa mahali pake.

Sasa juzi daktari akanivuta pembeni, akasema dawa zimefika mwisho, tumtunze tu. Mkeo sikumwambia. Nikakaa kitandani kwake, nikaanza wimbo wa Rama, ule tunaomwimbia mtu anayeondoka, ili roho yake isihangaike njiani. Nilidhani amelala.

Akafumbua macho. "Mama, umebadilisha wimbo."

Nikamwambia ni uzee huu, nachanganya.

"Huchanganyi wewe. Ungekuwa unachanganya, ungesahau na kunigombeza." Akanishika mkono. "Niimbie ule wa kupona kwanza. Huo mwingine aje auimbe mwanao."

Basi nimerudi kwenye ule wa kupona. Lakini sauti inanikatika, naye anaisikia. Ukiipata barua hii leo, omba ruhusa kazini leo. Wakikunyima, njoo hivyo hivyo. Kama maneno umeyasahau, nitakaa nyuma yako nikutajie, wewe uimbe tu.

Ni mimi, mama yako.