Majibu ya Toleo la Pili

Jumatatu, 6 Mei

Nimebandika mpango kwenye friji. Rangi nne! Biolojia na sayansi ya dunia tulimaliza Februari. Fizikia tunaimaliza mwezi huu. Septemba binti yangu Maren aanze kemia na watoto wa miaka kumi na minne — yeye ana kumi na miwili. Mwenyewe ndiye aliyeniomba.

Bi Haverkamp, anayefundisha kemia kwenye kikundi chetu cha wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, amekubali kwa sharti moja: afaulu mtihani wa fizikia Alhamisi ya wiki ijayo. Akianguka, asubiri miaka miwili.

Wade aliutazama mpango, akauliza ni wa shule au wa vita. Nikamwambia ale viazi vyake. Mume wangu huyu hajui kwamba fizikia ilinishinda shuleni. Sijamwambia mtu. Lakini maji nimeshayavulia nguo.

Jumatano, 8 Mei

Sura ya saba. Tisa kati ya ishirini.

Maren akabisha. "Mama, hili sanduku la kwenye mteremko nimelipigia hesabu mara tatu. Ni nyutoni kumi na mbili." Kitabu changu cha majibu kinasema kumi na tano. Nikamwambia arudie. Akarudia — kumi na mbili. "Basi nionyeshe ninapokosea."

Nionyeshe nini? Nina kalamu nyekundu tu. Nikasema kitabu hakikosei, nikaenda kukunja nguo. Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

Ijumaa, 10 Mei

Ishirini kati ya ishirini! Sura ya nane yote, bila alama nyekundu hata moja. Nimempigia simu Bi Haverkamp kujigamba. Tumekula aiskrimu kabla ya chakula cha mchana. Maren hakumaliza yake.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya Akina Mama. Maren amenipa kadi: amechora friji na mpango wake, na mimi pembeni nimeshika kalamu nyekundu. Wade alicheka hadi akakohoa. Mimi nilisema asante. Imenichoma kidogo.

Tangu Jumatano hajaniuliza swali.

Jumanne, 14 Mei

Ee Mungu.

Leo nilivipanga vitabu pamoja kwenye meza ya jikoni. Jalada moja, picha ile ile ya daraja jekundu. Cha Maren kimeandikwa toleo la tatu. Changu cha majibu, nilichookota kwenye sanduku la vitabu vilivyotumika kanisani — toleo la pili. Maswali yale yale, namba zimebadilishwa. Sanduku la kwenye mteremko katika kitabu chake lina uzito mwingine kabisa. Kumi na mbili ilikuwa sahihi. Nimekuwa nikimsahihisha kwa majibu ya maswali ambayo hakuulizwa.

Halafu nikaganda. Zile ishirini za Ijumaa alizipataje?

Nilimwuliza. Hakulia, hata hakuona haya. "Nilijua unakificha kitabu cha majibu chini ya vitambaa vya vyombo. Nilifanya zangu kwanza, Mama. Zilipotofautiana na za kitabu, nikafuta zangu. Wewe ulikuwa umechoka sana."

Nikamwambia zake ndizo zilikuwa sahihi. Zote. Nikamwomba radhi. Akakifunga kitabu chake.

"Sasa mimi nitajuaje?"

Mficha uchi hazai — nami nilikuwa nimemficha hata mtoto niliyekwisha kumzaa. Nilimwambia kwamba fizikia siijui, sijawahi kuijua. Akasema, "Ndiyo, Mama. Najua."

Alhamisi, 16 Mei

Niko kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kiti cha plastiki. Maren yuko chumbani na watoto wengine, upande wa pili wa kioo, na Bi Haverkamp na saa yake. Ametuonya wazazi: atakayemwashiria mtoto, mtihani wa mtoto unafutwa. Zimebaki dakika kumi na tano.

Alianza vizuri. Aliandika mfululizo, ulimi nje, kama zamani. Ukurasa mzima! Nilikuwa nimeanza kupumua.

Sasa ameacha kuandika. Anarudia kusoma alichoandika. Amenyanyua uso, ananitafuta — amenipata. Ameshika kifutio. Ananitazama tu, anangoja, na mimi hata ningeruhusiwa kumwashiria, ningemwashiria nini?

Nimeinamia daftari hili asiuone uso wangu. Acha, mwanangu. Acha kama ulivyoandika.

Mlango uko wazi kidogo. Nasikia mtu anafuta —